Ukweli Usiotuhusu: Kumsaidia Baba Kuchagua Matibabu kwa Msaada wa Intaneti

Mtu anayeandika maneno "tezi dume" kwenye simu yake akiwa Tanzania hukutana kwanza na matangazo: dawa za unga, dawa za mizizi, dawa za kunywa na za kupaka, kila moja ikiwa na namba ya kupiga na ahadi ya kupona bila kisu. Humbidi ateremke chini sana kabla hajafika kwenye ukurasa unaomweleza kwa utulivu tezi hiyo iko wapi mwilini na inafanya kazi gani. Hali hiyo naijua kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mkutubi wa chuo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi si kutunza vitabu bali ni kuwafundisha wanafunzi namna ya kutafuta maarifa mtandaoni na kuyapima kabla ya kuyaamini. Hata hivyo, ujuzi wa kumtafutia mwanafunzi makala ya insha yake hautoshi pale mgonjwa anapokuwa baba yako mzazi, na daktari anasubiri jibu lake kuhusu jambo ambalo likishafanyika halirudishwi.

Baba ni stesheni masta mstaafu na anaishi Korogwe. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 75, alianza kuamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, jambo ambalo yeye na wazee wenzake walilihesabu kuwa ni uzee tu, hadi siku mkojo ulipofunga kabisa akawekewa mpira hospitalini. Hapo ndipo mlolongo wa vipimo ulipoanza. Kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, ambacho maabara nyingi huchukulia 4 kuwa mpaka wa kuanza kutilia shaka, kilisoma 86. Daktari alipopima kwa kidole alikuta tezi ni ngumu na ina vinundu. Kinyama kilichochukuliwa kikaonyesha saratani yenye alama ya Gleason 8, katika kipimo ambacho kikomo chake ni 10 na ambacho hueleza ukali wa seli kwa kuangalia zilivyopoteza sura yake ya kawaida. Na picha za mifupa zilizopigwa Dar es Salaam zikaonyesha kwamba ugonjwa ulikwishafika kwenye nyonga na uti wa mgongo.

Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alimweleza Baba njia mbili. Saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni ya kiume, testosteroni, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani, kwa hiyo matibabu ya kwanza ya ugonjwa uliosambaa ni kuikata homoni hiyo. Inaweza kukatwa kwa upasuaji wa kuondoa korodani, au kwa sindano inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, kwa muda wote wa maisha yaliyobaki. Maelezo hayo yalikuwa mafupi kwa kuwa foleni ya wagonjwa nje ilikuwa ndefu, na Baba akaambiwa akazungumze na familia kisha arudi na jibu.

Familia ilizungumza kweli, lakini haikuzungumza na Baba. Ilizungumza katika kundi la WhatsApp ambalo yeye hayumo, na humo kila mwenye bando akawa mshauri.

Nilichokiona mapema ni kwamba uongo wa mtandaoni, pamoja na wingi wake, ndio mzigo mwepesi. Shangazi alituma ule ujumbe maarufu unaodai kuwa majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko dawa za kemotherapi. Ujumbe huo hauna mwandishi wala tarehe, na umezunguka dunia kwa miaka mingi. Kilichoko nyuma yake ni majaribio ya maabara juu ya seli, wala hakuna utafiti kwa wagonjwa uliothibitisha kwamba majani hayo huponya saratani. Kumweleza shangazi hayo kulitosha, naye akaridhika kwa sharti kwamba kaka yake aruhusiwe kula stafeli lenyewe kama tunda, jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

Kilichotusumbua ni ukweli usiotuhusu. Binamu yangu aliyeko Marekani, kijana mwenye elimu na nia njema kabisa, alituma taarifa ya Machi 2023 juu ya utafiti wa Uingereza unaoitwa ProtecT. Wanaume 1,643 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, la upasuaji, la mionzi na la kufuatiliwa kwa vipimo tu, na baada ya miaka 15 takribani 97 kati ya kila 100 walikuwa hawajafa kwa saratani hiyo, wawe walikuwa katika kundi lipi. Kila neno la taarifa ile lilikuwa sahihi, na chanzo chake kilikuwa cha kuheshimika, na kwa nguvu ya taarifa hiyo nusu ya kundi iliamua kwamba Baba asifanyiwe chochote, asubiri. Lakini wanaume wale waligunduliwa kwa kupimwa PSA wakati saratani bado imo ndani ya tezi. Mtu ambaye ugonjwa wake umefika kwenye mifupa hangepokewa katika utafiti ule hata kama angezaliwa mlango wa pili na hospitali iliyouendesha.

Mifano ya namna hiyo iliendelea kuja. Ilikuja habari ya upasuaji wa roboti, ambao ni kweli unafanyika, lakini unaiondoa tezi yenyewe na hauigusi saratani iliyokwisha kuhamia uti wa mgongo. Ilikuja habari ya tiba ya lutesiamu, ambayo hubeba mionzi hadi kwenye seli za saratani na ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Iliidhinishwa kwa wagonjwa waliokwisha kutibiwa kwa homoni na kemotherapi ugonjwa ukarudi, wakati Baba alikuwa hajaanza hata hatua ya kwanza. Baba mdogo naye alisoma, na alisoma vizuri, kwamba PSA hupanda kwa maambukizi na kwa kuwekewa mpira wa mkojo, akahitimisha kuwa ile 86 ni makosa ya kipimo. Angekuwa na hoja nzito kama tungekuwa na kipimo cha damu peke yake. Kinyama kilichokatwa na kutazamwa kwa darubini hakidanganywi na mpira.

Tangu hapo kila kilichotumwa nilikiuliza kwanza kinamzungumzia mgonjwa wa hatua gani, maana hatua ya ugonjwa ndiyo inayoamua kama ukurasa ni wako au ni wa mtu mwingine. Swali la pili lilikuwa ni lini kiliandikwa au kilirekebishwa lini mara ya mwisho, na la tatu ni nani aliyelipia. Hayo ndiyo maswali ninayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, isipokuwa lile la kwanza, ambalo sikuwahi kulifundisha kwa sababu insha haina hatua za ugonjwa.

Ukurasa ulionifaa kuliko yote ni wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kwa kuwa maelezo ya kila saratani yameandikwa mara mbili, mara moja kwa mgonjwa na mara moja kwa mtaalamu, matibabu yamepangwa kwa hatua, na tarehe ya marekebisho ya mwisho imewekwa wazi. Nilisoma kwanza toleo la mgonjwa ili nipate msamiati, kisha nikarudia sehemu hiyo hiyo katika toleo la mtaalamu, ambalo bila msamiati huo lingenifukuza kwenye aya ya kwanza. Kutoka hapo niliingia PubMed, hazina ya muhtasari wa makala za tiba iliyo wazi kwa umma bila malipo tangu 1997. Pale makala kamili ilipotaka kulipiwa, niliifungua kupitia chuo chetu, ambacho kimesajiliwa katika mpango wa Hinari ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2002 ili taasisi za nchi maskini zisome majarida hayo bure au kwa bei ndogo. Nawasihi wasomaji wenye jamaa katika vyuo vya afya na vyuo vikuu waulize kuhusu mpango huu, kwani mara nyingi mlango uko wazi na wanaoupita ni wachache.

Katika kusoma huko niliona jambo ambalo naamini lina uzito kwa kila mgonjwa wa nchi zetu. Kurasa zinazoeleza sindano ni nyingi, zimepangwa vizuri, zina picha za wazee wenye afya wakitembea ufukweni, na nyingi kati yake zimelipiwa na watengenezaji wa dawa. Upasuaji wa korodani hupewa mistari miwili au mitatu. Msomaji asiyejua atadhani kwamba ni tiba duni, iliyobakizwa kwa wasio na uwezo. Ukweli ni kwamba Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kuwa kuiondoa homoni hiyo kunaipunguza nguvu saratani ya tezi dume iliyosambaa, akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1966, na mapitio ya tafiti 24 zenye wagonjwa zaidi ya 6,600, yaliyochapishwa mwaka 2000, hayakuona tofauti ya urefu wa maisha kati ya waliofanyiwa upasuaji na waliochomwa sindano za aina hii. Ulaya na Marekani wengi huchagua sindano kwa sababu zao, zikiwamo za kisaikolojia, na kwa sababu kuna bima ya kuzilipia. Upasuaji hauna kampuni ya kuutangaza, kwa kuwa hakuna anayeuza kitu ukishafanyika.

Tofauti nyingine zilikuwa za kiutendaji, nazo ndizo zilizogeuka kuwa muhimu kwetu. Baada ya upasuaji homoni hushuka ndani ya saa chache. Sindano, kinyume na mtu anavyotarajia, huipandisha homoni kwa siku kadhaa za mwanzo kabla ya kuishusha, na kwa mgonjwa ambaye saratani imo kwenye uti wa mgongo kupanda huko kunaweza kuleta hatari ya kubanwa kwa neva na kupooza miguu, ndiyo maana hupewa vidonge vya kuzuia kabla ya sindano ya kwanza. Kijikaratasi cha dawa mojawapo kati ya hizo, ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma mtandaoni, kinaelekeza isihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 25. Anayeijua Korogwe ya mwezi Februari ataelewa kwa nini nilipigia mstari sentensi hiyo. Maudhi, kwa upande mwingine, yanafanana kwa njia zote mbili: joto la ghafla mwilini, kupotea kwa hamu na uwezo wa tendo la ndoa, misuli kulegea, mifupa kupungua nguvu, uchovu, na kwa baadhi ya watu huzuni.

Sasa ilibaki kumfikishia Baba hayo yote, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu ambao hakuna ukurasa ulioutaja. Mama alifariki zamani. Kwa malezi yetu, binti haketi na baba yake akamweleza habari za korodani, na baba hamuulizi binti yake habari hizo hata akiwa na kiu ya kujua. Mtu wa kufanya kazi hiyo alikuwa Baba mdogo, lakini yeye alikuwa ameshaamua kwamba kaka yake asiambiwe ugonjwa umefika wapi, "asije akakata tamaa," na alitaka familia ichague kisha mzee aitwe kutia sahihi. Sikubishana naye kwenye kundi. Niliandika kwa Kiswahili muhtasari wa niliyoyasoma, kwa herufi kubwa, kila aya ikiwa na jina la chanzo na tarehe yake chini, nikauchapa, nikaupeleka Korogwe, nikamwambia Baba kwamba ni maelezo ya ugonjwa wake na kwamba yupo huru kuyasoma au kuyaacha.

Karatasi zile zikawa mshenga kati yetu. Aliingia nazo chumbani, akakaa nazo, na aliporudi alikuwa ameweka namba pembeni ya kila mstari kwa penseli, kama alivyozoea kufanya katika ratiba za treni. Hakutaja kiungo chochote kwa jina lake. Alisema tu, "Mama, hapo namba kumi na saba, nitafutie zaidi," nami nikatafuta zaidi. Namba kumi na saba ilihusu namna ya upasuaji ambayo daktari anatoa kiini kinachotengeneza homoni na kubakiza ganda la nje, hivyo mfuko haubaki mtupu. Daktari hakuwa ameitaja siku ile ya foleni, na jamaa zangu wote, pamoja na roboti zao, hawakuwa wameiona. Baba aliiona kwa sababu alikuwa anasoma juu ya mwili wake mwenyewe.

Kuhusu swali la muda uliobaki niliamua mapema kwamba takwimu zake zisikae pamoja na maelezo mengine. Niliziandika kwenye karatasi ya peke yake, nikaikunja, nikamweleza Baba kilichomo, naye aliifungua siku aliyotaka. Takwimu za Marekani zinasema kuwa kati ya wanaume wanaokutwa saratani hii ikiwa imeshafika mbali, theluthi moja hivi huwa hai baada ya miaka mitano. Niliongeza chini yake kwamba hesabu hiyo inajumuisha watu wa umri na hali mbalimbali, wengine wakiwa walianza matibabu kabla ya dawa mpya kuenea, na kwamba haiwezi kumwambia mtu mmoja atakuwa upande gani. Baba alipoisoma aliuliza swali moja tu, kama hesabu hiyo ni ya watu waliotibiwa au ya wote. Hilo ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwa wasomi, na jibu ni kwamba ni ya wote.

Kuna vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi ya namna hii, vinavyoitwa miongozo ya uamuzi wa mgonjwa. Hospitali ya Ottawa nchini Kanada inatunza orodha yake mtandaoni, na mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 105, yalionyesha kwamba wagonjwa wanaoitumia huwa na ufahamu mkubwa zaidi wa matibabu, hukadiria hatari kwa usahihi zaidi, na husumbuliwa kidogo na mashaka. Miongozo hiyo humwekea mgonjwa njia alizo nazo, faida na hasara zake, kisha humtaka aseme kila jambo lina uzito gani kwake. Niliupenda mpangilio huo, ila mambo yaliyoorodheshwa hayakuwa yetu. Mengi yanaanza na tendo la ndoa, ambalo Baba alilipa uzito mdogo. Hakuna palipoandikwa nauli, au dawa kukosekana stoo, au mzee kuwaomba wanawe fedha kila baada ya miezi mitatu, na wala hakuna palipoandikwa udhu.

Udhu ndio uliokuwa mstari wa kwanza wa Baba. Shehe alikwishamweleza kwamba mtu mwenye mpira wa mkojo ana udhuru, hutawadha kwa kila wakati wa sala na sala yake inaswihi, naye alilikubali hilo kama hukumu lakini halikumpa raha; alitaka kujua ni njia ipi itakayomwondolea mpira mapema. Mstari wa pili ulikuwa kutokuwa na deni lisilokwisha, kwa sababu bei ya sindano moja ilizidi pensheni yake ya mwezi na kadi ya bima haina msaada siku dawa inapokuwa haipo. Yale niliyodhani yatakuwa mazito kwake, kama kubaki mwanamume kamili machoni pa watu, aliyaweka chini kabisa, ingawa sina hakika kwamba angeyaweka hapo kama mwandishi wa orodha hiyo asingekuwa binti yake. Ndiyo maana nilimwachia karatasi nyingine tupu, akaiandika peke yake, na sikuiona.

Tuliporudi kwa daktari, Baba aliibeba mwenyewe karatasi ya maswali. Daktari, baada ya "Shikamoo mzee," aliitazama karatasi kwa jicho la mtu aliyekwisha kuletewa matangazo mengi ya mizizi, na simlaumu. Baba akamwambia kwamba hajaleta majibu, ameleta maswali, na kuanzia hapo mazungumzo yalikwenda vizuri. Naamini namna hiyo ya kuanza ina maana kubwa. Mgonjwa anayesema "nimesoma kwamba dawa fulani ndiyo nzuri" anamweka daktari katika nafasi ya kujitetea, na anayeuliza "je, hii inafanyika hapa, na kwa mtu wa hali yangu unaionaje?" anampa nafasi ya kufanya kazi yake.

Majibu ya daktari yalikuwa na mambo ambayo hayamo katika ukurasa wowote duniani. Upasuaji wa kubakiza ganda anaufanya, na anaweza kuufanya kwa ganzi ya mgongo bila kumlaza mzee usingizi, jambo ambalo kwa shinikizo la damu alilokuwa nalo Baba lingekuwa salama zaidi. Sindano zilikuwa zimekosekana stoo mara kadhaa katika mwaka ule, na wagonjwa walijikuta wakinunua mitaani bila kujua zilitunzwaje. Mpira, alisema, anautoa kwa majaribio wiki chache baada ya homoni kushuka, kwa kuwa tezi nyingi husinyaa na kuacha njia, lakini hakuahidi. Baba aliuliza pia kuhusu maumivu ya mgongo, kwa sababu namba mojawapo ya penseli ilikuwa juu ya utafiti unaoonyesha kwamba kwa maumivu ya mifupa mionzi ya mara moja hutuliza sawasawa na ile ya siku nyingi, ingawa wanaochomwa mara moja huhitaji kurudia zaidi. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayekaa karibu na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road huenda tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa Korogwe ni tofauti ya kulala nyumba ya wageni wiki mbili au kwenda na kurudi. Daktari akaandika kwenye faili kwamba maumivu yakizidi, hilo ndilo litakaloombwa. Kisha akatuambia la kukumbuka kuliko yote: miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, tusisubiri siku ya kliniki wala tusitafute chochote kwenye simu, tuje usiku huo huo.

Baba alichagua upasuaji wa kubakiza ganda. Alimpigia simu Baba mdogo mwenyewe kumjulisha, na kundi likatulia, ila binamu wa Marekani aliuliza kwa nini tumechagua "njia ya zamani." Nilimtumia yale mapitio ya mwaka 2000 na picha ya kipimajoto cha sebuleni Korogwe. Alijibu kwa heshima, akaanza kuchangia nauli.

PSA ilishuka chini ya 1 ndani ya miezi michache na mpira ukatolewa. Joto la ghafla linamsumbua, hasa usiku, na uchovu hakuutarajia kwa kiasi kile, pamoja na kwamba ulikuwa umeandikwa. Kusoma neno "uchovu" hakumwandai mtu kwa asubuhi anayoshindwa kwenda sokoni. Ameanza kutafuta mwenyewe kwa simu ya mjukuu wake, anasoma polepole kwa kile Kiingereza alichokitumia kazini reli, na kinachompita huniandikia.

Kwa sasa suala lililo mezani ni vidonge vya abirateroni, ambavyo huzuia homoni ya kiume kutengenezwa hata nje ya korodani. Tangu mwaka 2017 tafiti kubwa zimeonyesha kwamba kuviongeza mapema juu ya kukata homoni hurefusha maisha ya wagonjwa wa aina yake, lakini ni ghali, hutolewa pamoja na prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, na humtaka mgonjwa apimwe ini mara kwa mara. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1,000 kwa siku tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula huongeza sana kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu. Baba aliusoma mstari huo akauliza kwa nini basi watu wasinywe kidogo pamoja na chakula. Nilipotafuta nilikuta wapo waliowahi kuuliza swali hilo hilo: utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wenye wanaume 72, ulilinganisha miligramu 1,000 bila chakula na miligramu 250 pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo, na PSA ilishuka kwa namna isiyopishana sana. Ni utafiti mdogo, uliangalia PSA na si urefu wa maisha, na wagonjwa wake walikuwa wa hatua iliyo mbele ya ile ya Baba, mambo ambayo nimemwandikia yote matatu kwa herufi kubwa, pamoja na onyo kwamba si jambo la mtu kujipangia nyumbani. Aliliandika kuwa swali la kwanza la kliniki iliyopita. Daktari alichukua nakala ya muhtasari, akasema atalipeleka kwenye kikao cha madaktari wenzake pamoja na suala la nani atakayelipia vipimo vya ini, na jibu tunalisubiri katika kliniki ijayo.